Umri wa Mtoto Mbele ya Sheria ya Jinai



Hoja yangu leo ni moja. Sheria yetu inamlinda vizuri mtoto anayetuhumiwa kutenda kosa, ila ulinzi wote huo unategemea umri wake. Umri usipothibitishwa mapema, mtoto anakosa haki ambayo Bunge limekwisha kumpa.

Tumetoka mbali. Chini ya sheria ya mwaka 1937, mtoto alikuwa aliye chini ya miaka 12, na kijana aliye chini ya 16. Wa miaka 17 alishtakiwa kama mtu mzima. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, imefuta mgawanyo huo: kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 97 kimeanzisha Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza mashauri kwa faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwapo. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kanuni za mwaka 2016 zimefafanua utaratibu wa mahakama hiyo, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo mzazi anaweza kufuata shauri la mwanawe neno kwa neno.

Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa lolote la jinai. Aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda alilotenda.

Chukulieni kijana wa miaka 16 anayetuhumiwa kuiba bomba la kupulizia dawa kwenye bustani ya kabichi. Ni mrefu, viganja vimekomaa kwa jembe. Anafikishwa kituoni usiku bila mzazi wala cheti cha kuzaliwa. Akiulizwa umri anababaika, inaandikwa 19. Tangu hapo analala na watu wazima. Akikosa wadhamini, anapelekwa gerezani wakati Tanga mjini kuna mahabusu ya watoto.

Kifungu cha 113 kinaitaka mahakama ichunguze umri pale anayeletwa anapoonekana kuwa mtoto. Lakini uchunguzi huo unafanyika mahakamani, na madhara huanzia kituoni.

Najua wazee watauliza: na aliyeibiwa je? Machungu yake ni ya kweli, na sheria haijamsahau. Mahakama inaweza kumwamuru mzazi alipe fidia. Kumfunga kijana na wahalifu waliokubuhu hakumrudishii mkulima bomba lake. Hata amri ya kumpeleka shule ya maadilisho, iliyoko Irambo, Mbeya, inamweka mtoto wa hapa Lushoto mbali mno na watu wake. Dhamana na usimamizi wa karibu, hapa hapa nyumbani, vitangulie.

Wazazi, tunzeni vyeti vya kuzaliwa, na msitupe kadi za kliniki. Wenyeviti wa vitongoji na walimu, mtoto akikamatwa nendeni kituoni siku hiyo hiyo mkaseme umri wake. Maofisa wa polisi, mkiwa na shaka, mhesabuni kuwa mtoto hadi ithibitike vinginevyo. Haki ya mtoto ianzie kwenye mstari wa kwanza wa jalada.