"Clerk", Karani na Katibu: Tatizo la Kutafsiri Vyeo

Neno la Kiingereza "clerk" huonekana jepesi kwa mfasiri. Kamusi humpa kisawe kimoja, karani, naye huendelea na kazi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa kijuujuu, na kwamba mfasiri asiyeuhoji huweza kumshusha cheo mtu mwenye madaraka makubwa.

Kihistoria, "clerk" limetokana na neno la Kilatini lililomaanisha mtu wa daraja la kanisa. Katika Ulaya ya Zama za Kati, aliyejua kusoma na kuandika aghalabu alikuwa mtumishi wa kanisa. Kwa hiyo maana ilipanuka ikamhusu msomi na mwandishi yeyote. Baadaye elimu ilienea, ofisi ziliongezeka, na kuandika kukawa kazi ya ujira mdogo. Maana ikashuka hadhi: "clerk" akawa mtumishi wa kunakili barua na kutunza madaftari. Hata hivyo, maana ya heshima haikutoweka. Mtendaji mkuu wa bunge la chini la Uingereza angali akiitwa hivyo. Nchini Marekani, neno hilo humtaja muuza duka na pia mwanasheria kijana anayemsaidia jaji wa Mahakama ya Juu.

Karani halikutokana na "clerk", licha ya kukaribiana kwa sauti. Lina nasaba na Kihindi, na Waingereza waliokuwa India walilitumia kuwataja waandishi wa ofisi zao. Katika Kiswahili limebaki kwenye ngazi za chini: karani wa masijala, karani wa mahakama, makarani wa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022. Katibu nalo limetoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuandika, lakini limepanda hadi kwa Katibu Mkuu wa wizara.

Tofauti hii hudhihirika bungeni. Katiba ya Tanzania, ibara ya 87, inamtaja Katibu wa Bunge. Nchini Kenya, vyombo vya habari humwita mwenye cheo hichohicho karani wa Bunge. Kwa Kiingereza wote wawili ni "clerk". Matumizi ya Kenya yamefuata kisawe cha kamusi. Ya Tanzania yamefuata uzito wa madaraka. Msikilizaji wa Nairobi haoni utata, ilhali wa Dodoma huweza kudhani kwamba anayetajwa ni mtunza majalada. Barua iliyoandikiwa karani, ilhali mlengwa ni katibu, huweza kuishia kwenye meza isiyo na mamlaka.

Inapendekezwa, basi, kwamba mfasiri aanze na kazi ya mhusika kabla ya jina la cheo: anateuliwa na nani, anamsimamia nani, na sahihi yake ina nguvu gani. Kamusi nazo ziache kutoa kisawe kitupu. Zieleze nchi, taasisi na ngazi ambamo kila neno hutumika.