Kwa Nini Tulipie Utafiti wa Jeni?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama tuliulizwa: "Kwa nini pesa nyingi ziende kusoma jeni za vidudu, na zahanati yetu haina hata dawa ya kichwa?" Swali hilo ni la haki. Leo tujaribu kulijibu.

Wazee wetu mnakumbuka miaka ya 1990, malaria ilipopanda mpaka milima yetu ya Gusii. Miili yetu huku juu haikuwa imezoea ugonjwa huo, kwa hivyo wakubwa na wadogo walilala chini pamoja. Tulimeza klorokwini, lakini homa ikarudi. Mwaka 1998 serikali ikabadilisha, ikaleta dawa za aina ya Fansidar. Nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ikaamua tutumie AL, ile wengi tunaiita Coartem.

Wengi tulisema klorokwini ilikuwa feki. Kumbe kidudu ndicho kilichobadilika!

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya kila kiumbe. Kidudu kikizaana, hunakili maagizo hayo, kama vile katibu wa kikundi anavyonakili kumbukumbu za mkutano. Mara moja moja anakosea herufi. Makosa mengi hayana faida, lakini siku moja kosa moja linafanya dawa isimwue kidudu yule. Wenzake wanakufa, yeye anabaki na kuzaa wengine kama yeye.

Tumeyajuaje hayo? Kuna wataalamu waliokaa miaka wakisoma jeni za kidudu hicho bila kuahidi dawa yoyote. Mwaka 2002 walimaliza kuzisoma zote, kama 5,300 hivi. Siku hiyo hakuna mgonjwa aliyepona. Lakini kwa sababu ya kazi hiyo, mwaka 2014 ilijulikana ni jeni gani ikibadilika hufanya dawa zinazotumika sasa zichelewe kuua vidudu. Baadaye mabadiliko hayo yakaonekana Rwanda na Uganda. AL bado inatibu hapa kwetu, lakini tumepata onyo mapema. Wakati wa klorokwini, onyo letu lilikuwa makaburi.

Kwa hivyo, mama yetu, dawa ya zahanati ni chakula cha leo, na utafiti ni mbegu. Mwenye shamba hali mbegu yote, hata akiwa na njaa.

Pesa nyingi za kazi hiyo zilitoka Uingereza na Marekani. Tunashukuru, lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sheria yetu ya Sayansi ya mwaka 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti kila mwaka. Kiasi hicho hakijafikiwa. Tuna wataalamu wetu KEMRI, Kisumu na Kilifi. Wasingoje wafadhili peke yao.

Basi tufanye nini?

1. Tupimwe kwanza kabla ya kumeza dawa ya malaria, na tuimalize yote.

2. Watafiti wakija kuomba damu, tuwaulize ni ya nini, na majibu tutaletewa lini.

3. Kwenye mikutano ya bajeti, na mbele ya wabunge wetu, tuulize: ile asilimia 2 iko wapi? Tuulize na dawa za zahanati pia. Tusikubali kuambiwa tuchague moja.