Uchambuzi: Buluu ya Bendera ya Afrika Mashariki

Suala linalostahili kutazamwa ni bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo uwanja wake, yaani eneo kubwa la kitambaa, ni wa buluu inayowakilisha Ziwa Victoria, huku mistari ya katikati ikikusanya rangi za bendera za nchi wanachama. Kwa mkazi wa Migosi, mtaa wa Kisumu, hilo si pambo, kwa kuwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya kinachoratibu matumizi ya maji hayo, ina makao yake makuu papa hapa Kisumu.

Kwa upande mmoja, husemwa kwamba ziwa linapakana na nchi 3 pekee, ilhali Jumuiya, baada ya Somalia kujiunga mwaka 2024, ina nchi 8, hivyo buluu hiyo haiwezi kuwa ya wote. Kwa upande wa pili, na hoja hii ina uzito zaidi, mto Kagera huleta ziwani maji ya Rwanda na Burundi, kisha Naili huyafikisha Sudan Kusini.

Ikiwa maji hayo yanaunganisha nchi hizo, je, wavuvi wanaokamatwa kwa kuvuka mpaka ziwani waione buluu hiyo kuwa ni yao pia?