Vileja na Pakiti za Dukani: Chakula Kisicho na Gluteni Katika Meza Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Durban, Afrika Kusini



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama hapa Durban, sisi tuliotawanyika Mombasa na Unguja, Maskati na Leicester, Toronto na kwingineko. Mji huu haukuanza leo kupokea watu wa pande zetu. Tangu mwaka 1873 waliletwa hapa watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa Wamakua, nao wakaitwa Wazanzibari. Wakakaa King's Rest katika eneo la Bluff, mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Kabla yao, kuanzia mwaka 1860, walikuja Wahindi wa mashamba ya miwa. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiingia madukani Durban hukuta iliki, nazi, unga wa dengu na mchele wa kila namna. Nimeyataja hayo kwa sababu yatatufaa mbele ya maneno yangu.

Kamati ya maandalizi imenitaka nieleze habari za biskuti na unga wa kuokea usio na gluteni unaouzwa madukani. Wapo watakaouliza: je, tumevuka bahari kuja kusikiliza habari za biskuti? Jibu ni kwamba mmoja wa watoto wetu, msichana wa miaka tisa, amethibitishwa na madaktari kuwa ana ugonjwa wa siliaki, na tangu siku hiyo mahamri, chapati, sambusa na kaimati ni mwiko kwake, si kwa mwaka mmoja bali kwa umri wake wote. Meza, ambayo ndiyo kifungo cha undugu wetu, imekuwa mahali pa hatari kwake. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, na protini za jamii yake zimo katika shayiri na nafaka ya rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano unyumbuke unapokandwa, na ndiyo inayoushika upepo wa hamira hata andazi likavimba. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka ikaushambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijinyuzi vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula. Vijinyuzi hivyo hulala na kuharibika, na mtu akawa anakula lakini mwili haufaidiki. Mtoto hudumaa, tumbo humjaa, damu humpungua. Na mtu mzima huenda asione lolote ila uchovu na upungufu wa madini ya chuma usiokwisha kwa vidonge. Dawa yake hadi leo ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni kabisa.

Aliyeufumbua ushahidi huo kwa ulimwengu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu zamani. Kisha katika majira ya baridi ya njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokuwa adimu nchini mwake, ilionekana kwamba watoto wa maradhi haya walipata nafuu, na mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoweka msingi wa tiba inayofuatwa mpaka sasa.

Nimewasikia baadhi yetu wakisema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. La hasha. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Saharawi, watu wa Sahara ya Magharibi, ambao ni Waafrika na Waislamu kama sisi, wakakuta zaidi ya mtoto mmoja kwa kila watoto ishirini anao ugonjwa huu. Isitoshe, ugonjwa huu hufuata damu. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, karibu mmoja katika kila kumi anaweza kuwa nao pasipo kujua. Basi nawasihi walio karibu kwa nasaba na binti yetu wakapimwe damu. Nasisitiza: msiache ngano kabla ya kupimwa, kwani aliyekwisha kuiacha, kipimo chaweza kumwambia kuwa ni mzima ilhali si mzima.

Sasa niingie madukani. Kwa muda wa miezi miwili nilinunua hapa mjini pakiti tisa za biskuti na pakiti tano za unga uliochanganywa tayari. Tulionja watu sita, vijana kwa wazee, pakiti zikiwa zimefichwa, na binti yetu akiwa hakimu mkuu. Sitataja majina ya makampuni, kwa kuwa bidhaa hubadilika na ninyi mwatoka nchi mbalimbali. Nitaeleza aina zake, nanyi mtazitambua popote.

Biskuti nilizigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni za unga wa mchele na wanga wa mahindi. Hizi zilikuwa kavu, za mchanga mchanga mdomoni, na zilivunjika zikawa vumbi kabla ya kufika kwenye chai. Fungu la pili ni za unga wa lozi au nazi. Hizi ndizo zilizosifiwa, zina mafuta na harufu nzuri, ila bei yake ilizidi mara mbili ya biskuti za kawaida, na asiyeweza kula lozi hazimfai. Fungu la tatu ni zilizopakwa chokoleti. Watoto walizipenda, wakubwa tuliona kwamba sukari imewekwa kuficha aibu. Wazee wetu wenye maradhi ya sukari wasidanganyike: neno "haina gluteni" halimaanishi "ina afya". Nyingi ya bidhaa hizi zina wanga na sukari kwa wingi na nyuzinyuzi kidogo.

Ama unga uliochanganywa tayari, wa keki ulitushinda sote kwa wema wake. Keki haihitaji gluteni nyingi. Mayai huishikilia, na wageni waliokula hawakujua tofauti. Unga wa mkate ulikuwa na hadithi nyingine. Hauwi donge la kukandwa bali uji mzito wa kumiminwa, na anayeuongeza unga ili ukandike atapata tofali. Ukitoka kwenye oveni ni mzuri. Kesho yake ni mgumu na hufaa kuchomwa tu. Unga wa matumizi yote tuliujaribu kwa chapati na mahamri. Chapati zilikatika zilipokunjwa, na mahamri hayakuvimba. Sababu mmekwisha kuijua: wavu unaoshika upepo haumo.

Viwanda huweka badala yake gamu iitwayo zanthani, itokanayo na uchachu wa bakteria, au maganda ya isapgoli, yale yale ambayo bibi zetu waliyanywa kwa tumbo gumu. Tulipoongeza kijiko cha isapgoli na kuuacha unga ukae nusu saa unywe maji, chapati zilikunjika. Pimeni unga huu kwa mizani, si kwa kikombe, kwani uzito wake hutofautiana.

Nilipozisoma pakiti hizo upande wa nyuma, ndugu zangu, nilistaajabu. Unga wa mchele. Wanga wa muhogo. Unga wa mtama. Unga wa dengu. Nazi. Vyote hivyo ni vyakula tulivyovikuta majumbani kwetu. Tunalipa bei ya ughaibuni kununua ghala la bibi zetu likiwa limetiwa katika karatasi ya kung'aa.

Hebu tuzihesabu. Vitumbua na vibibi ni vya mchele. Mkate wa kumimina, ambao jamaa zetu wa Mombasa huuita mkate wa sinia, ni mchele, tui, hamira na mayai, nao huumuka bila chembe ya ngano. Mkate wa mofa wa mtama, bhajia za kunde, kashata za nazi na za njugu, vyote ni salama kwa asili yake. Na juu ya vyote vipo vileja. Siku ya mwisho ya majaribio niliviweka vileja katika sahani iliyofichwa pamoja na zile biskuti za dukani. Wote sita walivipa nafasi ya kwanza, na binti yetu akauliza vimenunuliwa duka gani.

Vipimo vya nyumbani kwetu ni hivi: nusu kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari iliyosagwa, mayai mawili, kijiko cha chai cha iliki na kimoja cha bekingi poda. Pigeni samli na sukari mpaka ziwe nyeupe, tieni mayai, kisha unga kidogo kidogo. Fanyeni viduara, okeni kwa digrii 170 kwa dakika 15 hadi 20, na vitoeni vikiwa bado vyeupe. Msiviguse mpaka vipoe, kwani vya moto huvunjika.

Hata hivyo, asili njema haitoshi. Wapo wapishi wanaotia konzi ya ngano katika vitumbua ili vishikane, na siku hizi mofa nyingi zimechanganywa. Baadhi ya unga wa bhajia wa pakiti una ngano ndani yake. Hingi ya unga, kiungo kipendwacho sana hapa Durban, mara nyingi husagwa pamoja na ngano. Halua hutegemea wanga wake: upo wa mahindi na upo wa ngano, basi jamaa wa Maskati waulize kwanza. Bokoboko, tambi na semolina ni ngano tupu. Bekingi poda nyingine ina wanga wa ngano. Na pakiti iliyoandikwa "haina ngano" yaweza kuwa na kimea cha shayiri, nayo humdhuru vile vile. Tafuteni neno "haina gluteni", ambalo kwa kipimo cha kimataifa maana yake ni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Hapa Afrika Kusini, kanuni za lebo za mwaka 2010 zinawalazimu watengenezaji kutaja nafaka hizi, basi zisomeni.

Kuhusu wingi, nawaombeni tuachane na ile kauli ya mapenzi: "Kidogo tu, mwanangu, hakikudhuru." Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku zatosha kuuharibu utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Basi kiasi hicho ni sehemu moja ya arobaini ya kipande. Ndiyo chembe iliyobaki kwenye kibao cha chapati, ndiyo vumbi la chekeche, ndiyo mafuta yaliyokaangiwa sambusa kabla ya bhajia.

Binti yetu amejifunza neno moja ambalo mtoto wa miaka tisa hapaswi kulijua kwa namna hiyo. Akikaribishwa chakula, husema, "Nimeshiba." Huyasema hayo akiwa na njaa, kwa kuwa hataki kumsumbua mwenyeji, na hataki kuulizwa. Kwetu sisi, mgeni anayekataa chakula humhuzunisha mwenye nyumba. Huyu si mgeni, ni damu yetu.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya mkutano. Kwanza, katika kila karamu ya jamaa, vyakula visivyo na gluteni vipikwe mwanzo, kwa mafuta mapya, katika vyombo vilivyotengwa. Pili, visiwekwe kando kwa mtoto peke yake, bali viandaliwe kwa watu wote: biriani, mkate wa kumimina na vileja havimpunguzii mtu heshima. Tatu, kila nyumba inayompokea inunue chekeche, kibao na kisukumio vya kumhusu yeye, visivyoguswa na ngano. Nne, pakiti za dukani tusizidharau. Zinafaa safarini, shuleni na siku za haraka, na mjomba asiyejua kupika aweza kumkaribisha mtoto kwa keki ya pakiti na mkono safi. Yule aliyesoma lebo kwa ajili ya mtoto amekwisha kumpenda.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sinia la mkate wa kumimina na sahani nne za vileja viko mezani upande wa kushoto, vimepikwa kwa masharti niliyoyataja. Nawaomba wazee waanze, na binti yetu ale pamoja nao.

Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu, awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena kwa heri. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.