Mahali pa Kuketi Magomeni
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika chache nizungumzie mabenchi. Kuna mtu kule nyuma amecheka, simlaumu. Choo cha shule kila mtu anakielewa, lakini benchi?

Sisi tuliokulia hapa tulilelewa barazani. Nyumba zetu za Kiswahili, zile za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, zilikuwa na baraza ya saruji mbele, chini ya upenu. Hapo bao lilichezwa, muuza kahawa alisimama, na waliokuja msibani walipata pa kukaa. Mpita njia akichoka aliketi, akapewa maji. Sasa nyumba hizo zinavunjwa moja moja, na fremu za maduka zimefika ukingoni mwa barabara. Kota nazo zilivunjwa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644. Nawapongeza waliopata, ila kule juu huwezi kumkaribisha mpita njia akae.

Mama yangu mkubwa anaishi Mikumi. Akienda sokoni lazima apumzike njiani mara mbili. Mwaka jana aliketi kwenye benchi la zege mbele ya ofisi moja, akashindwa kuinuka. Vijana wawili wa bodaboda walimshika mikono wakamvuta. Aliwashukuru, lakini tangu siku ile sokoni anamtuma mjukuu, na mashoga zake wa huko hawaoni tena.

Benchi lile lilikuwa fupi mno, na chini limezibwa. Mtu anapoinuka hurudisha miguu nyuma kwanza; pakizibwa, magoti yanabeba kazi yote. (Hata baraza zetu zilikuwa na kasoro hiyo, tusizisifu kupita kiasi.) Kiti cha mzee kiwe na kimo cha sentimita 45 au kuzidi kidogo, chini kuwe wazi, kiwe na egemeo lililolala nyuma kidogo, na vishikio vya kusukumia mikono. Kina kisizidi sana sentimita 45, la sivyo mwenye miguu mifupi hafiki kwenye egemeo. Chuma tusitumie: saa saba mchana hakikaliki. Tutumie mbao ngumu, kama mkongo, zenye nafasi kati yake ili maji ya masika yapite. Na kivuli! Benchi lisilo na kivuli Dar es Salaam ni pambo. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, tutazame kivuli cha mwarobaini kinaangukia wapi saa kumi jioni.

Kwenye kamati kuna aliyesema tukiweka egemeo wahuni watahamia hapo. Inawezekana. Lakini benchi la kumtesa mhuni litamtesa mzee kwanza, na vijana wetu pia wana haki ya kukaa.

Ninachoomba leo ni fedha za mabenchi mawili tu ya majaribio, kati ya Mikumi na sokoni. Wazee wayakalie mwezi mzima, waseme kasoro, fundi arekebishe, ndipo tuchangie mengine. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Mama mkubwa amekubali kuwa wa kwanza kuketi, na ameshatoa sharti: egemeo lisiwe wima kama la daladala.