Kabla Hatujalipia Lile Bwawa

(Mada iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanajumuiya, Pennsylvania, Marekani)



Nimepewa dakika kumi, nitajitahidi nisizile za wengine. Mimi ni muuguzi, si mhandisi. Lakini kazi yangu imenifundisha kutosubiri mgonjwa azimie ndipo nimpime presha.

Mnajua kwamba tuko mbioni kununua eneo lenye bwawa, ili watoto wetu wapate pa kuogelea, wazee wavue samaki, na sisi tufanyie Iddi, Krismasi na sherehe za Uhuru bila kukodi kumbi. Wazo ni zuri na mchango wangu nimeshatoa. Ninachouliza ni hiki: tunanunua mandhari, au tunanunua dhamana ya roho za watu wanaoishi bondeni?

Wengine watasema bwawa lenyewe dogo. Ndugu zangu, mwaka 1977, usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba, bwawa la Kelly Barnes kule Toccoa, Georgia, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Tuta lake halikufika mita 15 kwenda juu. Zamani lilizalisha umeme, baadaye likabaki ziwa la starehe tu. Chini yake kulikuwa na chuo cha Biblia, watu wamelala. Walikufa 39. Ni baada ya msiba huo Rais Carter akaamuru mabwawa ya hatari yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe.

Na hapa hapa Pennsylvania tuna Johnstown. Bwawa la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh, Carnegie na Frick wakiwemo. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa chuma chakavu kabla klabu haijalinunua, na klabu haikuweka mengine. Tuta likapunguzwa kimo ili magari ya farasi yapishane. Kwenye utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, wakaweka wavu samaki wao wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikanyesha, takataka zikaziba wavu, maji yakapita juu ya tuta la udongo na kulila. Walikufa watu 2,209. Mahakama haikuitia klabu hatiani hata senti moja.

Sasa, mimi nimekwenda kuliona hili letu mara mbili. Kwenye utoro wake kuna wavu wa samaki. Sikusema neno, nikapiga picha tu, hizi hapa zinapita. Juu ya tuta kuna miti mikubwa. Mti ukianguka hung'oa udongo na mizizi yake, na ukifa, mizizi ikioza huacha njia ya maji. Chini ya tuta pana sehemu yenye majimaji wakati wa kiangazi. Maji kuvuja kidogo si ajabu kwa tuta la udongo, ila yakianza kutoka na tope, ujue tuta linaliwa kwa ndani. Mita chache kutoka hapo kuna nyumba, na barabara inayopita basi la shule.

Kuna neno la kitaalamu linalotuchanganya. Bwawa likiitwa la "hatari kubwa" haina maana kwamba ni bovu. Maana yake ni kwamba likipasuka litaua. Hata zuri linaweza kuwa kundi hilo, na kundi linaweza kupanda nyumba zikijengwa chini yake baada ya sisi kununua.

Mapendekezo yangu ni haya:

1. Tusilipe hata shilingi kabla mhandisi wa mabwawa mwenye leseni hajalikagua, na ripoti yake isomwe hapa mbele ya wote. Muuzaji akikataa ukaguzi, tumeshapata jibu.

2. Tujue lina kibali gani, liko kundi gani la hatari, na bima itatugharimu kiasi gani.

3. Tutenge fungu la matengenezo la kila mwaka: kukata vichaka, kusafisha utoro, kuhakikisha vali ya kutolea maji inafunguka. Harambee ya kununua tunaiweza, ya kutunza huwa hatuonekani.

4. Watu wawili wenye majina wakague baada ya kila mvua kubwa, wakiwa na namba za simu za majirani wa bondeni.

5. Kusiogelewe karibu na utoro wala bomba la kutolea maji, na kila mtoto awe na mtu mzima anayemwangalia. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Ubongo ukikosa hewa, tunahesabu dakika.

Kama gharama zitatushinda, kuna njia nyingine: tununue ardhi, bwawa liondolewe kwa kibali na kwa utaratibu, tubaki na uwanja na kijito.

Wenzetu wenye malambo mashambani au kwenye hoteli za nyumbani, hili ni lenu pia. Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la mtu binafsi lilipasuka likaua zaidi ya watu 40. Tanzania ina sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 yenye vifungu vya usalama wa mabwawa. Isomeni kabla hamjaleta greda.

Humu kila wiki tunawasema viongozi wetu kwamba hawawajibiki, wanajenga bila kukagua, na yakitokea maafa wanasema ni kazi ya Mungu. Safari hii tutakaokaa juu ya mlima ni sisi. Wale wa bondeni hawana kura katika mkutano huu.

Naomba kuwasilisha.