Maneno Juu ya Mchezo wa Wanafunzi na Bibi Aliyeitika



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya mchezo ule ambao wanafunzi wetu waliuonyesha mbele ya kanisa, usiku wa kuamkia sikukuu hii ya miaka 100 ya Dayosisi ya Masasi. Wengi waliusifu, wengine wakanung'unika, nao walionung'unika si watu wa kudharauliwa.

Mchezo huo haukuandikwa na mtu. Wanafunzi waliutunga wenyewe, wakienda jioni kwa wazee na kuuliza. Habari yake ni safari ya 1876, Askofu Edward Steere alipotoka Unguja akashuka Lindi, akapanda bara pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Ilikuwa miaka 3 tu tangu soko la watumwa la Unguja kufungwa. Nia yao ilikuwa kufika pande za Nyasa, lakini walipoiona Masasi walitaka kukaa papo hapo, wakakaa.

Hapakuwa na jukwaa wala pazia. Watu walisimama duara kama katika ngoma, na wachezaji wakapita katikati na mizigo vichwani. Basi palikuwa na mahali ambapo mmoja wa wachukuzi huanguka njiani akafa. Wenzake wakamlaza juu ya mkeka, na kijana mmoja akauliza kwa sauti kuu, "Jamaa zake ni nani?" Hakuna aliyejua, maana alikamatwa angali mtoto, na jina aliloitwa ni la kupewa na mwuzaji. Kwa mpango wao wangenyamaza kidogo, kisha wangechukua mizigo yao na kuendelea.

Lakini bibi mmoja mzee alitoka katika watu, akavua kanga aliyojitanda, akamfunika yule kijana, akasema, "Huyu ni wetu." Akaketi chini akalia, na wanawake wengine wakamwitikia. Wachezaji wakatazamana. Yule aliyelala hakuthubutu kufumbua macho. Nasi tuliosimamia mchezo tukaona haya, tukaashiria ngoma ipigwe, ikapigwa, bibi akarudi mahali pake. Tangu usiku ule twajuta.

Wazee walisema kwamba mazishi hayachezwi. Neno lao ni zito, wala hatulitupi. Walakini Kanisa tangu zamani halikuogopa kuonyesha mambo matakatifu kwa mwili. Yapata 970, katika kitabu cha taratibu za watawa wa Uingereza kilichotungwa Winchester, imeagizwa kwamba asubuhi ya Pasaka ndugu mmoja aketi penye kaburi ameshika kuti la mtende mkononi, na wengine watatu waje na vyetezo polepole, kama watu watafutao kitu. Hao walikuwa wakisali. Na yeyote aliyekuwamo kanisani alikuwa katika sala ile ile.

Na hapa kwetu, Askofu Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi hii tangu 1926 hata 1944, hakulivunja jando. Yeye na mapadre Waafrika walilitia sala na mafundisho ya Kikristo. Wako waliomlaumu kwa hayo, wa huku na wa ng'ambo. Lakini jando lile halikuwa la kutazamwa: kijana aliingia mtoto akatoka mtu mzima, na mama yake alimpokea hivyo.

Basi, kosa letu twaliona hapa. Tuliwauliza watu swali la msibani, na mtu alipolijibu tukamnyamazisha kwa ngoma. Wanafunzi hawakukosa. Walifanya kazi yao vema kupita tulivyotazamia, hata yule bibi hakuona mchezo tena.

Tulikwenda kwake kumrudishia kanga yake, imefuliwa na kukunjwa. Hakutukemea. Alituambia kwamba babu wa baba yake alikombolewa akiwa mdogo, asijue kwao, na alipokufa hapakuwa na wa kupelekewa habari.

Mchezo utaonyeshwa tena katika mitaa mingine. Tumewaagiza wanafunzi kwamba baada ya swali lile ngoma isipigwe hata wanaolia wainuke wenyewe. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na wasipoinuka hata usiku wa manane?" Tukamwambia achukue mikeka mingi.